Breki za Nyuma Zikifungwa Upya: Gari la Zamani na Mteremko wa Bugarama

(Kiashirio cha kipindi. Muziki unashuka taratibu.)

Mazungumzo yetu ya leo ya usalama barabarani yanatupeleka garajini. Tutaeleza namna breki za nyuma za gari la zamani, zile za ngoma, zinavyofungwa upya baada ya kufunguliwa. Kama wewe ni fundi kijana, chukua kalamu. Kama wewe ni dereva au mwenye gari, sikiliza ujue cha kuangalia na cha kuuliza. Na kama wewe ni abiria, usiondoke: maisha yako yanategemea springi ndogo ambazo hujawahi kuziona.

Tuanze na barabara yenyewe. Barabara ya Taifa namba 1 inatoka Bujumbura na kupanda hadi Bugarama. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, iko chini ya mita 900. Kwa hiyo gari linaloshuka kuja mjini linateremka zaidi ya mita 1,000 katika kilomita zisizofika 40, kona baada ya kona. Njiani kuna vijana wenye baiskeli zilizosheheni ndizi, kuna watoto wanaotoka shule, kuna kina mama wenye vikapu vya mboga.

Breki iliyofungwa vibaya inaweza kuonekana nzima kabisa kwenye tambarare ya Buyenzi au Bwiza. Mlima ndio unaoifichua. Kiatu cha breki kinachogusa ngoma muda wote hutoa moto. Ngoma ikipata moto hupanuka na kujitenga na viatu vyake. Bitana ikiungua hupoteza nguvu ya kushika. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Hayo yote huja kwa dakika chache.

Magari tunayoyazungumzia yapo mengi mjini kwetu: Toyota Corolla za miaka ya 1980 na 1990, Hiace za abiria, na hata Peugeot 404 na kombi za Volkswagen ambazo wazee bado wanazitunza. Mengi kati yake yana breki za ngoma nyuma, na kazi ndani yake inafanana.

KABLA YA KUFUNGUA

Weka gari mahali pa tambarare. Zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi au mawe makubwa. Inua nyuma kwa jeki, kisha liegemeze gari kwenye stendi za chuma. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali, maana tofali hupasuka ghafla. Halafu legeza breki ya mkono, la sivyo ngoma haitatoka.

Ngoma ikitoka utaona vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Bitana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Lowesha kwa maji ya sabuni, kisha futa kwa kitambaa. Watoto wanaocheza garajini wakae mbali.

Sasa kanuni ya kwanza, na ukisahau mengine yote ishike hii: fungua upande mmoja tu. Upande wa pili uache mzima mpaka umalize. Ukisahau springi ipi inakaa wapi, nenda ukautazame. Kumbuka kwamba pande hizo mbili ni kama mtu na kivuli chake kwenye kioo: kilichoelekea mbele kushoto, kinaelekea mbele na kulia.

KUKAGUA

Panga kila kitu chini juu ya gunia safi, kwa mpangilio uleule kilivyotoka. Kisha angalia mambo manne.

La kwanza, silinda ndogo iliyo juu, inayosukuma viatu. Inua kidogo kifuniko chake cha mpira. Kukiwa na mafuta yanayochuruzika ndani, silinda imekwisha; badilisha au weka mipira mipya.

La pili, bitana. Ikiwa imelowa mafuta ya breki au grisi, usiikaushe kwa moto wala kuiosha kwa petroli ukadhani imepona. Badilisha viatu vya pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu upande mmoja ukishika kuliko mwingine, gari huvuta kando.

La tatu, springi. Springi nzima, ikiwa imelegea, mizunguko yake imekaa pamoja. Ukiona mianya katikati, imevutika. Springi iliyochoka hairudishi kiatu, na hapo ndipo moto wa mlimani unapoanzia.

La nne, ngoma. Pitisha kidole ndani. Mifereji mirefu na nyufa ni hatari. Ngoma nyingi zimeandikwa kipimo cha mwisho cha kipenyo. Ikishavuka hapo, haichongwi tena.

KUFUNGA

Safisha bamba la nyuma. Paka grisi ya kustahimili joto, kidogo sana, mahali ambapo kingo za viatu husuguana na bamba tu. Grisi isifike kwenye bitana.

Safisha skrubu ya kurekebishia, ile yenye gurudumu la meno, ipake grisi kwenye nyuzi zake na uizungushe hadi iwe fupi. Irudishe upande ilikotoka. Katika magari mengi nyuzi za kushoto na za kulia zimekatwa kinyume. Ukizibadilisha, breki inayopaswa kujikaza yenyewe itajilegeza kila siku bila mtu kujua.

Unganisha mkono wa breki ya mkono na kiatu chake. Tazama viatu vyenyewe: kwenye magari ambayo bitana moja ni fupi na nyingine ndefu, fuata upande ulioacha mzima uone ipi inaelekea mbele. Simamisha viatu kwa pini na springi zake ndogo, kisha funga springi za kurudisha kwa koleo. Vaa miwani, kwani springi ikichomoka inaweza kukutoa jicho.

Kabla ya kurudisha ngoma, simama kidogo. Je, ncha za viatu zimeingia sawasawa kwenye silinda juu na kwenye egemeo chini? Springi zote zimenasa? Hakuna kilichobaki kwenye gunia? Na katika muda wote huu, mtu yeyote asikanyage pedali ngoma ikiwa nje. Pistoni zitaruka na mafuta yatamwagika.

KUREKEBISHA NA KUJARIBU

Rudisha ngoma. Kaza skrubu mpaka gurudumu liguse kidogo linapozungushwa, kisha rudisha meno machache mpaka lizunguke bila kizuizi. Breki ya mkono irekebishwe mwisho. Ukianza nayo, itakudanganya.

Kama silinda ilifunguliwa, toa hewa. Tumia mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi, kutoka chupa ambayo haijakaa wazi. Oili ya injini huvimbisha mipira ya breki. Maji huchemka. Fundi akikuambia "hii itasaidia mpaka kesho", mkatalie kwa heshima.

Jaribu kwanza polepole, kwenye tambarare isiyo na watu. Pedali iwe ngumu na isizame. Endesha kilomita chache, simama, usogeze kiganja karibu na kila ngoma bila kuigusa. Moja ikitoa joto kali kuliko mwenzake, inashika, rudi garajini.

Tunajua, ndugu msikilizaji, faranga ni chache. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye rangi, kwenye viti, kwenye redio ya gari. Ngoma yenye kipimo kizuri inaweza kutumika tena, na bamba husafishwa tu. Lakini springi, mipira na mafuta ya breki si mahali pa kubana. Na hata breki zikiwa mpya, shuka Bugarama kwa gia ndogo, injini ikusaidie kulizuia gari.

Mafundi wa Buyenzi wengi wamefundishwa kazi na kaka au mjomba, na mikono yao ni hodari. Wape muda. Dereva anayemharakisha fundi kwa sababu abiria wanasubiri anawaharakisha abiria hao kwenda kubaya.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Kwa nini tunafungua upande mmoja kwa wakati mmoja?
2. Abiria anaweza kutambua dalili gani za breki zilizochoka, na amwambie dereva vipi bila ugomvi?
3. Garaji ya mtaani kwenu inalinda vipi watoto na vumbi la breki?

(Kiashirio. Mwisho wa kipindi.)