Mafuta ya gari la macho yawe na fungu lake

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili wetu,

Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, ingawa unatibika. Upasuaji wake ni mfupi: lenzi iliyofifia hutolewa na ya bandia huwekwa.

Hapa Tanzania, Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe ada wazee wasio na uwezo. Lakini msamaha huo uko hospitalini; barabara hailipiwi na mtu. Bibi asiyeona hulipa nauli ya watu wawili, na anayemshika mkono mara nyingi ni mjukuu aliyeacha darasa.

Wafadhili, tunawashukuru kwa lenzi na dawa. Hata hivyo mradi huisha, uzee hauishi. Mafuta ya gari na posho za wataalamu wa huduma ya mkoba viingie katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri.

Wanakamati, mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Tuwahesabu mapema wasioona katika kila kigango, tupeleke idadi hiyo kwenye mkutano wa kijiji na kamati ya maendeleo ya kata. Fungu lisiloombwa halitengwi.