Kufuma Jioni Si Kupoteza Wakati



Baba mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mke wangu hufuma vitambaa kila jioni, wala haviuzi. Faida yake nini?" Nami nauliza: wanaocheza bao wanauza nini? Aliyeshika jembe tangu alfajiri ana haki ya kuburudisha moyo.

Katani ililetwa Tanga mwaka 1893. Ilitoka Florida, Marekani, na miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini. Korogwe ikajaa mashamba. Wazee wetu walikata katani kwa kipande, mnyapara akihesabu. Leo nyuzi zile zile ukizitia rangi, unasuka kikapu upendavyo mwenyewe. Hakuna wa kukuhesabia. Mwenye miyaa naye asuke mkeka.

Tena, ufumaji ni kisomo. Unaanza vitanzi 6, unaunga duara, mzunguko wa pili unatia 12. Ukipunguza hesabu, kitambaa kinajikunja kama bakuli! Iandike hesabu hiyo daftarini. Jirani ataisoma na kufuma kile kile. Maana wapo waliohitimu kisomo vizuri, na sasa barua ikifika wanamwita mtoto awasomee.

Basi daftari na kalamu vikae kapuni pamoja na uzi. Mistari miwili kwa jioni moja inatosha.