Nani Aliyeipiga Picha Makka?

Picha za kale za Makka zimezoeleka kuhesabiwa kazi ya jicho la mgeni, na jina linalotangulia kutajwa ni la Mholanzi Christiaan Snouck Hurgronje. Hoja yangu jioni hii ni kwamba sehemu kubwa ya picha hizo ilitoka mikononi mwa Waislamu wenyewe, na ushahidi wake umo ndani ya picha. Tuanze na Madina, mwaka 1861. Muhammad Sadiq Bey, ofisa mhandisi wa jeshi la Misri, alifika huko na kamera yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya sulubu: kioo kilipakwa dawa, kikatiwa kamerani kingali kibichi, kikasafishwa kabla hakijakauka, na katika joto la Hijazi hakikukawia kukauka. Aliyepita mbele ya lenzi aligeuka ukungu au alitoweka kabisa, ndiyo maana kuta zimetokea waziwazi na watu ni haba. Tusidhani mji ulikuwa mtupu. Miaka kama 20 baadaye aliipiga Makka pia, safari hii akiwa mweka hazina wa msafara wa Hija wa Misri uliobeba mahmali, kile kibanda cha heshima juu ya ngamia. Anayedai kwamba kamera ilikuwa bidaa ya makafiri iliyopenyezwa Haram kwa hila, na amtazame kwanza mtumishi huyu wa Hija aliyetia saini picha zake kwa Kiarabu.

Snouck aliingia Makka mwaka 1885 baada ya kutangaza kusilimu, akafukuzwa Agosti mwaka uleule. Nyuma yake alibaki tabibu wa mji, Sayyid Abd al-Ghaffar, aliyekuwa amejifunza kwake kupiga picha. Tabibu akaendelea na kazi, akawa anampelekea picha Uholanzi, na baadhi yake aliziandika kwa hati nzuri ya Kiarabu kwamba mpigaji ni yeye, tabibu wa Makka. Katika kitabu cha Snouck cha mwaka 1889, Bilder aus Mekka, maandishi hayo yamefutwa, na tabibu mwenyewe ametajwa kama daktari tu, bila jina.

Nitaambiwa kwamba kamera na mafunzo vilikuwa vya Mholanzi, tena Mholanzi aliyekuja kuishauri serikali ya kikoloni juu ya Waislamu wa Indonesia. Ni kweli. Lakini aliyekuazima kalamu haimiliki barua uliyoandika. Picha ya swala ya jamaa kuizunguka Kaaba, iliyopigwa kutoka juu, ilihitaji mtu mwenye njia ya kupanda hapo na kusubiri saa yake. Snouck hakuwa na ruhusa hata ya kurudi mjini. Pingamizi lina nguvu kwingine: kwenye picha za mahujaji waliopangwa kwa nchi zao, wa Zanzibar wakiwemo, bila hata jina la mmoja wao. Humo naliona jicho la mtawala. Ama picha zisizo na maandishi yoyote, ubishi juu ya mpigaji wake haujaisha, nami sizidai zote kwa tabibu.