Mgeni Njoo, Ukuta Upone
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Kisumu)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari ya tawi kwenda Thimlich Ohinga. Habari ya basi na chakula imekwisha semwa. Mimi nitasema habari ya mawe.

Mahali hapo pako katika Kaunti ya Migori. Kuta zake yaonekana zilijengwa katika karne ya 16. Kimo chake ni kutoka mita 1.5 mpaka mita 4.5, wala hamna udongo wala saruji kati ya jiwe na jiwe. Wajenzi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, wakajaza mawe madogo katikati ili yashikane. Watu wa lugha mbalimbali walikaa humo kwa kufuatana. Mwaka 2018 UNESCO iliyaandika maboma hayo katika Urithi wa Dunia.

Ndugu wa gengi mtaelewa upesi. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 hulala juu ya mataruma na kokoto, bila saruji. Kokoto moja ikiondolewa, hakuna atakayeona. Kila mpita njia akiondoa yake, gari litaanguka. Ukuta ule ni vivyo hivyo. Mtu akipanda juu ili apigwe picha, jiwe la juu hucheza. Likianguka, yale madogo humwagika, na ukuta hufuata.

Wengine watasema, basi pafungwe. Sikubali. Pasipo mgeni hapana kiingilio, na mizizi ya miti husukuma ukuta bila mtu kujua. Tena mwenyeji asiyepata kitu atauliza kwa nini mawe mazuri yakae bure naye hana nyumba. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji asipopona, ukuta nao hautapona.

Kupanga mawe bila saruji ni ufundi. Anayeufanya alipwe kama fundi, si kama kibarua wa siku moja. Hilo ni jambo la chama cha wafanyakazi kabisa.

Kit Mikayi pia, hapa karibu kwenye njia ya Bondo, watu huja kuomba, na wa Legio Maria wamo. Kumpiga picha mtu anayeomba bila kumwuliza ni kuingia nyumbani mwake bila hodi.

Kwa hiyo naomba tawi likubali haya:

1. Kila mtu alipe kiingilio, hata kama ana ndugu pale mlangoni.
2. Tuongozwe na kijana wa pale, na chakula tununue kwa akina mama wa pale.
3. Asipande mtu ukutani, wala asichukue jiwe, hata dogo.
4. Katibu aandikie Makumbusho ya Taifa ya Kenya, aulize mafundi wa kuta hizo ni wangapi na wanaajiriwa kwa masharti gani.

La nne ndilo zito, nami naomba lipigiwe kura leo kabla hatujaachana.