Dawa Ghushi, Dawa Jeneriki na Mlango wa Mahakama



Tumealikwa tuzungumzie mashauri ya miliki bunifu, nasi twafahamu kwamba wengi wenu hulihesabu jambo hili kuwa la mawakili na makampuni makubwa. Tutalitazama kutoka mbele ya duka la dawa, maana ndipo shauri mashuhuri la aina hii nchini Kenya lilipomgusa mwananchi.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Nia yake ilikuwa njema, ila kifungu cha 2 kilieleza maana ya kughushi kwa upana uliozidi. Kwa maneno yale, hata dawa jeneriki ingeweza kuitwa ghushi, na vifungu vya 32 na 34 vingefungua njia ya kushtaki wauzaji na kuzuia shehena forodhani.

Tofauti ya dawa hizi mbili ni kubwa. Dawa jeneriki ina kiambato kilekile cha tiba, ila imetengenezwa na kampuni nyingine, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Dawa ghushi humdanganya mnunuzi: hudai imetoka kwa fulani ilhali haikutoka kwake, au ina kitu ambacho hakimo. Ya kwanza huponya, ya pili yaweza kuua.

Mwaka 2009 watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walifika mbele ya Mahakama Kuu, Nairobi. Hawakuwa na hataza wala kiwanda. Walichokuwa nacho ni hofu kwamba dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, ambazo wengi huzipata kwa kuwa ni jeneriki, zingetoweka.

Mwezi wa Aprili 2010 Mahakama ilitoa agizo la muda la kuzuia vifungu hivyo kutumika dhidi ya dawa jeneriki hadi shauri liamuliwe. Agizo la namna hii ndilo moyo wa mashauri mengi ya miliki bunifu. Hukumu huchukua miaka. Hii ilisomwa tarehe 20 Aprili 2012. Mgonjwa anayemeza vidonge kila siku hawezi kungoja kiasi hicho, kama vile fundi anayeigwa asivyoweza kungoja hadi wateja wote wamwache. Kwa hiyo, mtu akimwendea wakili, swali lake la mapema liwe hili: je, tuna ushahidi wa kutosha kuomba zuio sasa?

Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuitumia sheria ile kwa namna inayowanyima watu dawa muhimu za bei nafuu kunakiuka haki ya uhai, ya utu na ya afya, zilizomo katika ibara za 26, 28 na 43 za Katiba. Hakuifuta sheria yote. Mwenye kughushi bado anashtakiwa, na sisi twaona hivyo ndivyo ilivyostahili.

Mashauri ya kawaida huenda kwa njia nyingine. Mwenye haki ndiye hushtaki, na sharti aoneshe kwamba haki hiyo ni yake na ingali hai nchini humu: hataza hudumu miaka 20, alama ya biashara miaka 10 na huweza kuhuishwa. Hataza iliyotolewa ng'ambo pekee haimfungi mtu hapa. Katika mzozo wa alama, mahakama hujiuliza kama mnunuzi wa kawaida angechanganyikiwa. Mnunuzi huyo ni ninyi. Hasomi pakiti kwa kioo cha kukuzia; hununua akiwa na haraka, mtoto mkononi.

Ndiyo maana mabaki ya ununuzi yana uzito kuliko mnavyodhani. Mkishuku dawa, msiitupe pakiti. Hifadhini risiti, pamoja na sanduku lenye tarehe ya mwisho wa matumizi na nambari ya fungu la utengenezaji, kisha mpeleke taarifa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Msikatize tiba kabla ya kumwona mhudumu wa afya. Jina msilolizoea kwenye pakiti si dalili ya ughushi. Mwulizeni mfamasia kiambato ni kipi, mkilinganishe na kilichoandikwa na daktari.

Na kama ni haki ya kikatiba iliyovunjwa, ibara ya 46 inamtambua mtumiaji kuwa na haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari za kutosha na fidia kwa hasara. Ibara ya 22 inasema hakuna ada ya kufungua shauri la haki hizo. Malipo ya wakili ni jambo jingine, nayo mpatane juu yake kwa maandishi kabla hamjatia saini hati yoyote.