Fedha za Nani? Mabilionea wa Anga na Mfuko wa Umma



Mwenzangu mmoja, mchumi ninayemheshimu, aliwahi kunikatiza semina kwa kauli moja: Elon Musk anarusha roketi kwa fedha zake mwenyewe, na wanaomlaumu wana husuda tu. Watu wakacheka, semina ikaisha. Leo nina muda.

Tuzikague hizo fedha zake. Kampuni yake ya roketi, SpaceX, ilianzishwa 2002, na ni kweli Musk alitia humo sehemu kubwa ya utajiri alioupata PayPal ilipouzwa. Lakini Agosti 2006, miezi michache baada ya roketi yake ya Falcon 1 kuanguka katika jaribio la kwanza, NASA, shirika la anga la Marekani, iliiahidi kampuni hiyo dola milioni 278. Roketi ikashindwa tena 2007, ikashindwa Agosti 2008, ikafika kwenye mzingo Septemba. Hazina ya kampuni ilikuwa inakaribia kukauka NASA ilipotoa, Desemba 23, mkataba wa dola bilioni 1.6 wa safari 12 za mizigo kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ngao ya joto ya chombo cha Dragon imetokana na nyenzo iliyobuniwa katika maabara ya NASA. Hata uwanja wa kurushia roketi wa 39A, walikoondokea wanaanga wa Apollo kwenda mwezini, kampuni imeukodi kwa serikali. Fedha zake zilikuwamo, ila zilikuwa na wenzao wengi.

Mwenzangu atajibu kwamba serikali ilinunua huduma, tena kwa bei nafuu. Hapo anasema kweli, na ana ushahidi bora kuliko anavyojua. Mwaka 2011 NASA ilikadiria, kwa kikokotoo chake yenyewe, ingetumia kiasi gani kuunda roketi kama Falcon 9 ya SpaceX. Jibu: karibu dola bilioni 4 kwa mtindo wake wa kawaida, bilioni 1.7 kwa mtindo wa kibiashara. SpaceX ilitumia takriban milioni 300, na NASA ikazihakiki hesabu hizo. Waraka huo nausomesha kila mwaka, kwani ni nadra ofisi ya umma kujitolea ushahidi dhidi yake yenyewe na kuutia namba. Lakini usomeni pamoja na makubaliano ya 2006: malipo yaliwekewa kikomo, yakatolewa hatua kwa hatua, kampuni ikishaonyesha kazi iliyokamilika. Mtindo wa zamani ulilipa gharama zote, na faida juu yake. Mtindo mpya uliandikwa na watumishi wa serikali. Basi hata huo unafuu una mkono wa umma.

Aprili 2023 niliketi na wanafunzi kutazama Falcon 9 ikiipeleka angani Taifa-1, setilaiti ya Kenya. Safari iliahirishwa na kuahirishwa, mpaka chai ikatuishia. Ilipopaa, mmoja akauliza tumpigie nani makofi. Nikamjibu: wahandisi, kisha mlipa kodi wa Marekani. Alidhani natania.

Bei nimeikubali, ugomvi wangu uko kwenye umiliki. Mwaka 2010 Wizara ya Nishati ya Marekani iliikopesha Tesla, kampuni nyingine ya Musk, dola milioni 465, ikapewa haki ya kununua hisa zaidi ya milioni 3. Lakini haki hiyo ingefutika deni likilipwa mapema. Lililipwa 2013, miaka tisa kabla ya wakati. Umma ukarudishiwa mkopo na riba. Thamani ya hisa ilipopaa, haukuwamo.

Wapo wanaosema kodi inatosha kuupa umma fungu lake, na kwamba serikali yenye hisa huleta siasa kiwandani. Hofu ya siasa naielewa. Kuhusu kodi, shirika la habari la ProPublica lilifichua 2021 kwamba Musk hakulipa kodi ya mapato ya serikali kuu mwaka 2018, kwa kuwa hisa isiyouzwa haihesabiwi kuwa mapato. Utajiri uliomo ndani ya hisa utafikiwa na mwenye hisa. Kwa hiyo nasisitiza: umma ukibeba hasara ya majaribio, mkataba uupe hisa, bila kifungu cha kuzifuta. Mwenzangu na aiite husuda. Mwekezaji yeyote binafsi angeliita sharti la kawaida.