Sufuria Moja kwa Pande Mbili

Wandugu wasikilizaji, wababa na wamama, nanyi vijana wa Kisangani, leo nasema na jamaa zilizokimbia vijiji vyao, na machefu wa kata, juu ya sufuria ya chakula.

Mnajua yaliyotokea. Mwezi wa Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uligeuka kuwa vita. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu walikimbilia mjini bila shamba wala paa.

Tuseme kijana mmoja wa Lubunga anawahurumia. Anakusanya muhogo, sombe na mafuta ya mawese kwa majirani, na mwenye toleka anambebea makala. Ni kazi njema. Lakini kabla watu hawajanyoosha sahani watauliza: ‘Nani amepika?’ Waliomwagiana damu wanaogopana hata katika chakula. Neno moja la sumu, hata likiwa la uongo, laweza kurudisha mapanga.

Basi wewe kijana, usipike peke yako. Tafuta mama mmoja Mmbole na mama mmoja Mlengola. Wapike pamoja, mahali pa wazi, nao waonje wa kwanza mbele ya wote. Muhogo mchungu uloweke siku zake zote. Njaa ikikuharakisha, sumu ya muhogo wenyewe inabaki, mtoto anaumwa, na lawama inamwangukia jirani.

Ninyi machefu, andikeni orodha na kuisoma kwa sauti mbele ya watu. Watoto, wamama wanaonyonyesha, wazee na wagonjwa watangulie. Kabila lisiulizwe. Jina la ndugu yako asiyekuwa na shida lisiingie. Na maskini wa kata yenu wasisahauliwe, kwani mwenyeji anayelala njaa huku mgeni anakula ataanza kumchukia.

Nanyi wenyeji, kumbukeni Juni 2000. Siku sita majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Mamia ya raia walikufa, na maelfu waliacha nyumba zao. Siku zile mkimbizi alikuwa wewe.

Ninyi mliokimbia, msikae kungoja tu. Mikono mnayo. Mmoja achote maji, mwingine apasue kuni, mwingine aoshe sufuria. Anayesaidia kupika hadharauliwi.

Sufuria haimalizi ugomvi wa ardhi. Hiyo ni kazi ya wazee, serikali na mahakama, nao wasiikimbie. Lakini wababa ambao watoto wao wamekula pamoja wataweza kuketi na kusemezana juu ya mpaka wa shamba. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kesho jioni, kabla ya kuwasha moto, mwite jirani wa upande wa pili aje kukoroga.

Amani iwe kwenu.